Askari Aliyetabiriwa Kufa Mtoni

Ndugu yangu Abdala,

Arobaini yako ilisomwa juzi hapa Ngorongo. Watu walijaa. Jumamosi hatuchezi tena. Dadu la ludo nimelirudisha kwa wenyewe, na wenzetu hata hawaniulizi.

Kitabu cha mchezo ninacho mimi, kile ulichokikuta ndani ya robota la mitumba Kibiti, hakina jalada. Ulikigeuza Kiswahili kwa kukisia, ukatugawia kila mmoja mtu wake wa kumwigiza: wewe unasimulia hadithi, sisi tunaamua wafanye nini, dadu linasema kama wamefaulu. Mimi ukanipa askari. Kikongwe wa kitabuni akamtabiria kwamba atafia mtoni. Nikagoma kuvuka! Jumamosi tatu nzima nilimkalisha ukingoni anakula mihogo, wenzetu wamenuna, hadi ukafoka: "We Shaibu, kikongwe kasema tu. Anayecheza nani, yeye au wewe?"

Uchungu wako niliujua. Ungali mchanga mganga alikupigia ramli akasema utakufa majini, na nyumbani kwenu neno hilo likawa sheria. Hukuwahi kulima bondeni wala kupanda mtumbwi. Sisi tulikwenda mashambani, wewe ukabaki na kitabu chako.

Halafu homa. Siku ya tatu macho yamekuwa manjano, dawa za dukani zimeshindwa, na hospitali iko ng'ambo ya mto. Mama yako alikuwa amekwenda Bungu kumwita mjomba wako. Tulikuwa wawili tu. Ukanishika mkono, ukasema, "Nivushe." Mtumbwi ulikuwepo. Mwenye mtumbwi naye alikuwepo. Nikaogopa, nikakwambia tumsubiri mama. Wallahi, Abdala, nilidhani nakuokoa. Ukafa alasiri, kitandani, pakavu kabisa.

Mama yako aliporudi nilimwambia umekataa kuvuka. Sijui neno lile lilinitokaje. Sasa amelishika hilo hilo, anawaambia wageni kwamba mwanawe aliijua siku yake, ilikuwa imeandikwa. Nami nakaa pale pale mkekani, naitikia. Usingizi umenikimbia, chakula sikisikii ladha, na sioni kitu kitakachonitua mzigo huu.

Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi kesho baada ya alfajiri nitakwenda kwa mama yako. Nitamwambia uliomba kuvuka, tena kwa mdomo wako, na aliyekukatalia ni mimi. Najua hatanisamehe. Nitakwenda hivyo hivyo.

Shaibu