Pakia Yote Upya, Tunywe Chai

Mwalimu Wakesho,

Kabla hujashika kalamu nyekundu, nikiri mapema: barua hii ina makosa, na mengi ni yale yale uliyonisahihisha kwa miaka kumi na moja. Naandikia dukani kwangu hapa Voi, kati ya redio mbili zilizopasuliwa matumbo na feni moja ambayo mwenyewe ameisahau. Ulikuwa ukiniita kijana. Nina miaka arobaini na tisa, kichwa kimebaki kama sahani, na tangu tukuzike kule Mbololo hakuna tena anayeniita kijana. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nikuandikie. Lakini nina jambo la kuungama.

Niliikausha Sagalla.

Si Sagalla yote, usishtuke. Ni zile nyumba zinazokunywa kwenye tangi letu, lile la mlimani ambalo mimi na wewe tulilifungia kisanduku cha kuwasha na kuzima pampu. Siku tisa bila maji. Watu walirudia kuteremka na mitungi hadi huku mjini, bodaboda zikabeba mitungi badala ya abiria, na kila mtungi uliopita mbele ya duka langu niliuona kama umeandikwa jina langu.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu baada ya mazishi yako, lile boya linalopima maji ndani ya tangi lilishikwa na kutu. Nikanunua jipya, nikalifunga kwenye waya mwingine kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeoza. Ikabidi niguse programu kidogo. Unajua mwenyewe ilivyo Forth, hiyo lugha ya kompyuta uliyonifundisha: programu nzima ni amri ndogondogo, kila moja na jina lake, na ya juu huita ya chini. Wewe ulizipa majina ya Kiswahili ili kamati ya maji isitishike. KINA inasoma maji yamefika wapi. LINDA inaiuliza KINA, kisha inaamua kama pampu izime au iendelee. Basi nikaandika KINA mpya, mistari mitatu tu. Nikaijaribu pale pale: nikainua boya kwa mkono, ikasema tangi limejaa, nikaliachilia, ikasema tupu. Nikajipongeza. Kabla ya saa sita nilikuwa nimesharudi dukani, najiona fundi.

LINDA haikuwa na habari. Ukiandika amri mpya yenye jina la ile ya zamani, Forth haiifuti ya zamani. Inaziweka zote mbili, na kila amri iliyoandikwa kabla ya ile mpya inaendelea kuita ya zamani. Ni kama kuhama nyumba bila kumwambia anayekuletea maziwa. LINDA iliendelea kubisha mlango wa kale, kwenye waya ambao sasa haukuunganishwa na kitu, na kila ikibisha ilijibiwa: tupu, tangi tupu. Pampu ikasukuma. Kufikia asubuhi tangi lilikuwa limefurika hadi shamba la kunde la Mama Mghoi, kisima kimekwisha maji, na pampu imevuta hewa mpaka ikaungua; kupata nyingine kulichukua siku tisa.

Unamkumbuka Mama Mghoi, mwenyekiti wetu, asiyejua kunong'ona. Alisimama katikati ya tope, mahali ambapo msimu huo hapakuwa pameona hata umande, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Fundi," akasema, "tulikuomba maji. Gharika hatukukuomba."

Nikaenda kutafuta kitabu cha Forth cha kunionyesha nilipokosea.

Nilianza na kile chako, chenye jalada linaloshikiliwa na gundi ya karatasi. Nilikisoma mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Kinanifundisha kujumlisha mbili na tatu. Kinanifundisha kuandika jina langu kwenye skrini, jambo ambalo nashukuru, ila nilikuwa nimeshalifahamu. Kinasema amri inaweza kuandikwa upya, na hapo kinanyamaza, kama mtu aliyekuonyesha kisu kinavyokata asikuambie vidole uviweke wapi. Nikaenda duka la vitabu. Dada wa pale alitafuta kwa moyo mweupe kabisa, mwisho akaniuzia maswali ya marudio ya kompyuta ya kidato cha pili. Nimefanya karatasi ya kwanza. Usiniulize nimepata ngapi.

Nikampigia fundi mmoja wa Nairobi tuliyewahi kufanya naye kazi. Akaniuliza, "Hiyo kitu bado mnaitumia?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama bado tunaugua ndui. Nikaingia mtandaoni, nikakuta wazee wenzangu wa nchi za mbali wanabishana, kila mmoja na njia yake, wala hakuna aliyeiandika yake ikakamilika. Ndipo nikaelewa shida yetu. Vitabu vya anayeanza vipo, angalau kimoja na nusu. Cha aliyekwisha kuanza hakipo. Cha mtu anayejua kuandika amri lakini sasa inampasa kuishi na programu hiyo miaka kumi: abadilishe nini na aanzie wapi wakati watu wanakunywa, apange vipi ili mwingine aweze kufuata, na yapi asifanye kamwe hata kama lugha inamruhusu. Na Forth inaruhusu kila kitu, Mwalimu. Haijawahi kuninyima chochote, hata upumbavu.

Halafu nikakumbuka chai.

Kila ulipobadilisha kitu, hata tarakimu moja, ulikuwa unafuta kisanduku chote na kupakia amri zote upya, kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu. Ilichukua muda wa kikombe kimoja. "Futa, pakia yote upya, tunywe chai." Kisha unafungua chupa, vikombe viwili, changu kile kilichomeguka ukingo, na viazi vitamu vya jana. Miaka kumi na moja nilidhani wewe ni mpenzi wa chai tu. Nilikutania kwamba Sagalla nzima ingekuwa na maji ya bomba mapema zaidi kama usingekuwa na kiu hivyo. Ukacheka, ukanimiminia kingine. Hukuniambia kwamba ukipakia yote upya, LINDA huzaliwa baada ya KINA mpya, kwa hiyo inaijua hiyo tu na haina mlango wa kale wa kubisha.

Siku ile niliyobadilisha boya, nilikumbuka kupakia upya. Nakuungamia hilo pia. Nilitazama kisanduku, nikatazama lile jiwe tulilokuwa tukikalia. Sikuwa nimebeba chupa. Nikajiuliza nitakunywa na nani.

Basi nikaruka.

Nakulaumu kidogo, niruhusu. Miaka thelathini ulifundisha hesabu kule Wundanyi, na kila daftari ukiliandikia "onyesha njia". Yako mwenyewe hukuionyesha. Uliibeba kichwani na kwenye vikombe vya chai, ukaenda nayo Mbololo.

Kamati iliketi. Walitaka kung'oa kisanduku chetu walete kingine, kile kinachokuja kimefungwa kabisa, ambacho kikiharibika unakirudisha kilikotoka na kusubiri. Nilisimama kukitetea, nikaongea sana, unanijua. Mama Mghoi akaniacha nimalize, kisha akasema, "Aliyejua amekufa. Anayejua nusu ni wewe. Na wewe ukifa, tutamwita nani?"

Nikasikia mdomo wangu ukisema nitaandika kitabu. Nikaomba hadi Krismasi. Nikaahidi kwamba mtu mwingine ataitengeneza mashine kwa kufuata kitabu hicho, mimi nikiwa nimekaa kando, kimya. "Wewe kukaa kimya," akasema Mama Mghoi. "Kwa hilo tu, nakupa hadi Krismasi."

Basi naandika, Mwalimu. Mimi, ambaye insha zangu shuleni zilikuwa zinaisha kabla ya aya ya pili. Nimejaza madaftari matatu. Nimechimba programu yako yote, nikatoa vile vijineno vyako ulivyoandika kando ya kila amri, na maandishi yako ya chaki ndani ya kifuniko cha kisanduku nimeyanakili kabla unyevu haujayala. Kila asubuhi kabla sijafungua duka, ukurasa mmoja. Siku nyingine ni nusu, lakini siachi.

Wiki iliyopita tulijaribu sura tatu za mwanzo. Kamati ilimchagua Mkamburi, katibu wao, fundi wa cherehani ambaye hajawahi kugusa kompyuta ila kuchapa kumbukumbu za mkutano. Kazi yake ilikuwa kubadilisha kiasi cha maji kinachofanya pampu izime. Mimi nilikaa kwenye jiwe letu, viganja nimevikalia. Akabadilisha vizuri. Akafika pale nilipoandika "Futa, pakia yote upya", akasimama.

"Fundi, hapa hujasema kwa nini," akasema. "Mimi nikiwa na haraka, hapa nitaruka."

Nilikuwa nimeiandika kanuni yako vile vile ulivyonipa, na vile vile ilivyonishinda.

Nikamwomba daftari. Nikaandika chini yake habari yote ya KINA mbili, boya, siku tisa, na kunde za Mama Mghoi, na jina langu juu yake ili asije mtu akadhani ni fundi mwingine. Mkamburi akasoma, akacheka mpaka akashika tangi. Kisha akafuta. Akaanza kupakia kutoka chini. Amri zilipokuwa zikipita kwenye skrini akaniuliza, "Sasa hapa tunafanya nini, tunakaa tu?"

Safari hii nilikuwa nimebeba chupa. Na vikombe viwili. Kile kilichomeguka nimekiweka upande wangu.

Tangi lilipojaa, pampu ilizima yenyewe. Mama Mghoi aliweka mkono juu ya bomba, akasubiri kama daktari, akasema, "Malizia hicho kitabu." Kwake hiyo ni hotuba ndefu.

Zimebaki sura sita, na sasa narudia kila kanuni niliyokwisha kuandika, naiwekea sababu chini yake. Pale ambapo siijui sababu, naandika kwamba siijui, kisha napanda mlimani na pampu ya majaribio mpaka niijue. Nitamaliza kabla ya Krismasi. Nakala ya kwanza itakaa ndani ya kisanduku, ya pili kwa Mkamburi. Ya tatu nitakuletea Mbololo, pamoja na kalamu nyekundu, na nitakusomea yote kwa sauti. Jirani zako wa pale watatuvumilia.

Kwaheri, Mwalimu. Pumzika. Njia nitaionyesha.

Kijana wako wa Voi