Nafasi Mbele ya Mama Saida

Alhamisi. Mawingu yamejaa tangu asubuhi lakini mvua hainyeshi, na mimi pia situlii.

Nimemkosea Mama Saida. Niseme hivyo kwanza kabla sijaanza kuzunguka.

Nimemkosea mchana, mbele ya kijiji kizima, watu wakiangalia.

Leo nimefungua friji ya mteja, nikaifunga, nikaifungua tena. Sikumbuki nilikuwa natafuta nini ndani. Nikaacha kibanda wazi, nikatembea mpaka karibu na bandari ya Port Bell, nikasimama kuangalia mabehewa yakiingizwa melini, nikarudi. Miguu inataka kwenda tu. Hakuna mahali inataka kufika.

Kwa wasionijua: natengeneza friji hapa bondeni, chini ya fleti za Bugolobi. Jioni nina kazi nyingine ya kujitolea, kuwaeleza majirani serikali yetu ya mtaa inavyokwenda. Shule yangu ni ya kawaida, lakini nilipelekwa semina nikashika. Naongea Kiswahili, maana hapa tuna Waganda, Wanubi kama mimi, na watu wa kaskazini, na nataka kila mtu aelewe. LC, yaani halmashauri ya mtaa, ya kwanza ni kijiji. Juu yake kuna parishi, halafu divisheni, halafu jiji na meya wake. Nani wa kumuuliza mtaro ukiziba, nani wa kumuuliza takataka zikilala wiki nzima. Na nani mwenye mhuri. Hapo kwenye mhuri kila mtu huamka. Bila mhuri wa mwenyekiti wa kijiji, kitambulisho huna, pasipoti huna, hata kumtoa ndugu yako polisi ni shida.

Kabla ya uchaguzi wa kijiji niliwafanyia mazoezi pale uani. Uchaguzi huu hauna karatasi wala sanduku. Unasimama nyuma ya mtu unayemtaka, mstari unahesabiwa, basi. Niliweka jerikeni mbili badala ya wagombea. Ya njano ikawa Salongo, mwenye nyumba tunazopanga, tunamwita hivyo kwa sababu ni baba wa mapacha. Ya bluu ikawa Akello, yule nesi anayepigia kelele mtaro.

"Banange, Salongo amekonda!" Mama Brenda akasema, akaipiga ile jerikeni kofi.

"Na ndani hakuna kitu, kama siku zote!" mwingine akadakia.

Walicheka mpaka wakaegemeana. Mama Saida hakucheka. Ni mjane, anakaanga chapati kwenye baraza la Salongo, hapo langoni. Akaniuliza, "Sasa Baba Rehema, Salongo akiniona kwa mstari ya Akello, itakuwa aje?"

Nikamwambia, "Mimi nitasimama mbele yako. Atakuona wapi? Huu mwili Mungu alinipa wa nini?"

Hapo ndipo akacheka.

Siku yenyewe nilifika uwanjani mapema. Salongo akanishika mkono kunisalimia, na hakuuachia. Tukatembea hivyo, mkono kwa mkono, kama ndugu. Akaniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za Rehema, binti yangu.

"Si anataka pasipoti? Mlete Jumatatu achukue barua. Nikipita leo, mhuri utakuwa kwangu."

Alisema akicheka. Hakunitisha. Lakini sisi Wanubi tunajua kuulizwa babu yako alitoka wapi kila tukiomba hati, na barua ya kijiji ndiyo mlango wa kwanza. Rehema amesubiri sana. Nilipopata mkono wangu tena, nilikuwa nimesimama kwenye mstari wake.

Naweza kuandika hapa kwamba alinivuta. Hakunivuta. Mkono ulishaachiwa, na miguu ilikuwa yangu.

Mstari wa Akello ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Mama Saida alikuwa kule, na mbele yake kulikuwa na nafasi. Nafasi ya mtu mmoja, mtu mnene. Alikuwa ameunyoosha mkono kuilinda, kama mtu anayemshikia mwenzake kiti.

Msimamizi akapiga kelele, "Nyabo, sogea! Jaza hiyo nafasi!"

"Kuna mtu anakuja," akasema.

Niliangalia chini.

Nilipoinua macho, alikuwa ameniona. Alishusha mkono, lakini hakusogea mbele, na hakutoka kwenye mstari. Akahesabiwa hivyo, ile nafasi mbele yake ikiwa wazi, Salongo akimwangalia moja kwa moja.

Salongo alishinda. Kesho yake asubuhi akamwambia Mama Saida kwamba baraza lina kazi nyingine, atoe sigiri yake ya mkaa kufikia mwisho wa wiki. Baraza ni lake, hakuna sheria amevunja. Hilo nalo nimewahi kuwafundisha.

Jana nilimwendea Mama Saida. Alikuwa anakanda unga, hakuinua kichwa. Nikaanza kueleza habari za pasipoti, nikasikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu anayeuza kitu, nikanyamaza. Kwa aibu nikarukia kazi yangu. Nikamwambia uchaguzi wa jiji ni tofauti, wa diwani na meya unaingia peke yako, unatia alama, unakunja karatasi, unaitia sandukuni, hakuna anayekuona.

"Ni wewe unasema?"

"Ni mimi."

"Basi hiyo sanduku pia iko na macho."

Mama Brenda alikuwa anasubiri chapati. Akasema naye haendi kwenye kura hiyo. Wote waliocheka uani hawaendi. Kwa nini waende? Aliyewafundisha walimwona kwa macho yao.

Sasa hiki ndicho kinaninyima utulivu. Jumapili saa kumi kuna kikao cha kijiji, Salongo anatambulisha kamati yake. Barua ya Rehema ni Jumatatu. Naweza kunyamaza Jumapili, nichukue barua Jumatatu, Jumanne ndiyo nianze kuwa mtu mzuri. Nimeipiga hesabu hiyo siku nzima, na kila mara inatoka vizuri, na kila mara natoka nje kutembea.

Mke wangu ameniuliza, "Wewe, kwani umekaliwa na siafu?" Nikamweleza yote. Akasema nimwambie Rehema mwenyewe.

Nimemwambia. Amelia kidogo. Halafu akasema, "Baba, mimi chapati za yule mama nimekula tangu mdogo." Akaingia ndani. Sijui kama ni ruhusa.

Jumamosi asubuhi nitaondoa friji mbovu zilizojaa mbele ya kibanda changu, nibebe sigiri ya Mama Saida, akikubali, niiweke chini ya bati langu. Asipokubali, bati litabaki wazi linamsubiri.

Na Jumapili, katika kile kikao, kabla ya Jumatatu, nitaomba kuongea. Kikao cha kijiji ni cha kila mkazi mtu mzima, nimelisema hilo mara nyingi nikiwa kivulini, mbali na Salongo. Nitasema, Salongo akiwa mbele yangu, kwamba ile nafasi mliyoiona ilikuwa yangu, na kwamba niliogopa.

Nitasimama mbele ya Mama Saida, pale alipokuwa ameniwekea nafasi.