Leo Anapika Baba

Baba Lidia,

Nimekwenda Kabungu kwa mama. Nyanya, vitunguu na unga wa ngano viko kwenye kapu. Mkaa upo nyuma ya mlango. Lidia asiguse jiko, mkono wake bado haujapona.

Asubuhi ulipotoka tu alikuja Nashon, yule mliyesoma naye Italia. Nikamkaribisha chai. Akaniambia, "Shemeji, una bahati. Kule chuoni mumeo ndiye alikuwa anatupikia. Mama mwenye nyumba alimfundisha kukanda unga na kukata tambi kwa kisu. Mchuzi wake wa nyanya, Waitaliano wenyewe walikuwa wanaomba kuongezewa."

Nilicheka naye mpaka alipoaga. Halafu nikaingia jikoni nikalia kwa hasira.

Juzi nilipolala na malaria, hata kukaa siwezi, ulisema wewe hata uji hujui kupika. Ukakaa nje na redio yako. Lidia, mtoto wa darasa la pili, akabandika maji ya ugali, yakammwagikia mkononi. Kumbe ulikuwa unajua, ukamwacha.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi hasira zikiisha.

Maji ya kunywa nimechemsha. Mdogo wake Lidia, Claude, apewe uji kabla ya kulala, la sivyo atakukeshesha.

Nimewaambia watoto leo anapika baba. Lidia akauliza, "Kwani baba anajua?" Nikamjibu anajua, tena siku nyingi. Ukifika atakuuliza kwa nini hukupika siku ile. Umjibu wewe, mimi nimeshindwa.

Mama Lidia