Wardah na bosi wangu

Aqil, leo nalala kwenu. Usicheke.

Asubuhi nilienda na Wardah, mtoto wa dadangu, kazini Changamwe. Kumbe leo ndiyo sikukuu ambayo Wahindi kama bosi wanamuabudu mungu wao wa kike, na wasichana wadogo ndio wanaokaa mahali pake. Walikuwa wamepungukiwa na mmoja. Mamake bosi akamuona Wardah: "Huyu hapa! Mkalisheni!"

Bosi kapiga magoti. Bosi yule yule anayetuita punda! Kamuosha miguu, kamlisha halua, kamuinamia mpaka chini.

Miguu, Aqil! Kwa mikono yake!

Nikamnunulia Wardah aiskrimu asiseme kitu nyumbani. Si wamjua mamangu, mwalimu wa madrasa.

Tumefika tu, huyo kakaa mlangoni kanyoosha miguu: "Nyanya, njoo unioshe. Bosi wa mjomba kaniosha, halafu akanisujudia."