Buna ya Makena

Isiolo, Alhamisi jioni.

Upepo umevuma tangu asubuhi mpaka vumbi limeingia hata kwenye chumvi. Siku nyingine ningelalamika. Leo sina haki ya kulalamikia upepo, maana nimekosea watu wiki hii, na bado nimetendewa mema.

Kesho Makena anaenda kusomea uuguzi. Niandike tena, napenda kuiona: Makena wangu anaenda kusomea uuguzi. Mtoto wa mpishi! Hapa Bulla Pesa ukiuliza nyumba ya mama wa nesi, hata watoto wanaocheza kwa mchanga watakuleta mpaka mlangoni kwangu. Nimehakikisha wanajua.

Hiyo ndiyo shida yangu. Mdomo.

Jikoni kwetu shuleni tuko watatu. Mama Guyo ni Mborana, amenizidi umri, mpole, anaweza kukoroga uji asubuhi nzima bila kusema neno. Nakiru ni Mturkana, bado msichana, anaosha sufuria na kucheka. Kazi ya kuongea wameniachia mimi.

Jumanne nilitoka kuchukua kuni. Kurudi, nikamkuta Mama Guyo amechuchumaa mbele ya karai. Ndani mafuta yanachemka, na ndani ya mafuta kuna kahawa. Kahawa kavu na maganda yake. Anaikaanga!

Mimi nimezaliwa Meru katikati ya mashamba ya kahawa. Ile miaka bei ilipanda, watu wa kwetu waliezeka mabati kwa sababu ya kahawa. Tunaichuma, tunaipeleka kiwandani, halafu tunarudi nyumbani kunywa chai. Lakini kuikaanga kama mandazi sikuwa nimewahi kuona. Na sikuuliza. Si ningeuliza tu?

"Mama Guyo! Huo ni wazimu gani? Mafuta ya watoto wa watu unamalizia kwa kahawa? Kahawa haikaangwi, uliza sisi tunaolima!"

Akaniangalia. "Punguza sauti, Mama Makena. Mbele ya buna hatupigi kelele." Buna, yaani hiyo kahawa, kwa Kiborana.

"Nipunguze ya nini? Mwizi ndiye anapenda sauti ya chini."

Nilisema hivyo. Mwizi.

Mwenye stoo akasikia, akaja mbio, akainua kopo la mafuta ya shule. Lilikuwa limefungwa vile lilivyotoka stoo. Yale ya kwenye karai yalikuwa siagi ya ng'ombe wake mwenyewe, ameibeba kutoka nyumbani kwa chupa. Mwenye stoo akaenda zake bila kusema pole. Mama Guyo akaepua karai, akaifunika kwa sahani, akaondoka nayo. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Jana akaja kazini, akamsalimia Nakiru, akanipita. Mborana asikusalimie! Hawa ni watu wa kukuuliza habari ya watoto, ya mifugo, ya mvua, hata kama wana mzigo kichwani. Kunipita bila hata kusema "nagaa", yaani amani, hilo si jambo dogo.

Nikaanza kujitetea kwa Nakiru. Ati mimi nilikuwa nalinda mali ya shule.

Nakiru akaacha kusugua sufuria. "Mama Makena, mdomo wako ni lori iliyokosa breki kwa ule mteremko wa kutoka Meru. Unajua ile buna ilikuwa ya nani?"

"Ya nani?"

"Ya msichana wako. Mtu akisafiri, wao wanakaanga buna wanamwombea. Alitaka kukushangaza. Na buna ikiwa kwa moto watu wanasema maneno ya amani peke yake. Wewe ukatia 'mwizi' ndani."

Nilikaa juu ya gunia la mahindi.

Siku hizi watoto wa shule wanapewa maziwa ya pakiti. Makena alipokuwa mdogo hakukuwa na pakiti. Alikuwa akitoka darasani anakuja jikoni, na Mama Guyo anamtolea maziwa kwenye kibuyu chake, yale yenye harufu ya moshi. Mimi nilizoea, nikaona ni kama haki yetu. Na matokeo ya Makena yalipotoka nilisema nini mbele ya watu wote? "Kuna wanaozaa manesi na kuna wanaozaa wachungaji." Watoto wa Mama Guyo ni wavulana watupu, wako na ng'ombe upande wa Gotu. Watu walicheka. Yeye pia alicheka kidogo, akaendelea na uji.

Sasa jiulize ile siagi ilitoka wapi.

Ni hao wachungaji waliowalisha ng'ombe wake.

Leo nilipita sokoni mapema nikanunua kahawa kavu kwa mama mmoja wa kwetu. Akaniuliza kwa Kimeru kama siku hizi nimekuwa Mborana. Nikamwambia ndiyo, ila nimechelewa tu. Nikaenda moja kwa moja jikoni, nikamwita mwenye stoo pia atoke nje. Nilitukana mbele ya watu. Sikuona sawa kuomba msamaha pembeni.

"Mama Guyo, mafuta yalikuwa yako. Mwizi ni mimi, nimekuibia jina lako zuri. Na wale wavulana wako, Mungu awatunze na kila ng'ombe wao. Nisamehe."

Mwenye stoo akaangalia viatu vyake. Mama Guyo akafungua mfuko wa kahawa niliompa, akachungulia.

"Mbona nyingi hivi? Unataka tuombee Kenya nzima?"

Nakiru akaangusha mwiko kwa kicheko. Mimi nikalia, mtu mzima.

"Mlete mtoto nyumbani saa kumi," Mama Guyo akasema. "Na wewe ukija, unasema nagaa peke yake. Neno moja. Utaweza?"

Tulienda. Buna ikapasuka kwenye siagi, pa, pa, na nyumba yote ikanukia. Yeye anaswali na mimi ni wa kanisa, lakini aliomba kama mtu anayemwombea mtoto wake: safari iwe njema, mkono wake uponye wagonjwa, arudi na afya. Kila akimaliza, sisi tunaitikia nagaa. Akampaka Makena siagi kwenye paji la uso. Ulimi ukaniwasha! Nilitaka kusema alivyokuwa wa kwanza darasani, nilitaka kutaja viatu vyeupe nilivyomnunulia. Nikameza yote. Nagaa, nikasema. Nagaa.

Halafu tukatafuna ile kahawa. Chungu, yenye mafuta, tamu kwa namna yake. Maisha yangu yote nimechuma kahawa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeila.

Njiani Makena akaniuliza, "Mama, mbona umenyamaza hivyo? Unaumwa?"

Siumwi. Nashukuru tu. Mtoto wangu anaondoka na dua za mama wawili.

Je, Jumatatu nikirudi kazini nitaweza kuuliza kwanza kabla ya kufungua mdomo? Sijiamini sana. Lakini salamu nitaanza mimi.

Kalamu inateleza. Mikono yangu bado ina ile siagi, na usiku huu sitanawa.