Jumamosi ni ya Italia

Minnesota,
Februari, theluji ikiwa imefika dirishani.

Dada yangu mpendwa Corliss,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mume wangu Verlyn, ambaye wakati huu yuko nje anaondoa theluji kwa koleo huku akilalamika peke yake. Sisi hatujambo. Baridi imekaza hadi milango ya gari inagoma kufunguka, lakini tumeizoea. Wewe na shemeji Gaylord mnaendeleaje huko Arizona? Goti lako limeikubali ile dawa mpya, au bado linakutesa? Na Mama, kabla hujaanza kuwa na wasiwasi, ni mzima. Ni mzima hasa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Nilitaka kupiga, Mama akanikataza. Alisema wewe ukiambiwa jambo kwa simu humkatiza mtu na kutoa uamuzi kabla hajafika mwisho, kwa hiyo nikuandikie, usome yote ukiwa umekaa. Basi kaa.

Unakumbuka hali ilivyokuwa mwezi Oktoba. Tulipokwisha kumzika Baba na kumhamishia Mama kwenye nyumba ya wazee kando ya ziwa, alikuwa kama mtu aliyesahau kazi ya mdomo. Nilimpelekea supu ya kuku, akaigeuzia mgongo. Nikampikia mikate ya viazi kama alivyotufundisha mwenyewe, akaniambia niiweke pale dirishani. Ilikaukia palepale. Wewe ukawa unasema tumlete kwako, kwenye jua, nami nikaanza kuona huenda unasema kweli, ingawa yeye aliapa kwamba kuhamishwa mara ya pili kungemmaliza.

Aliyemtoa kitandani ni Bi Idella, jirani yake wa chumba cha pili, mwalimu wa piano mstaafu. Jumamosi moja nikiwa pale, aliingia na kiti chake cha magurudumu bila kubisha hodi, akasema, “Ardis, huo ukuta hautabadilika. Njoo sebuleni uangalie kitu kinachosogea.” Sijui kwa nini Mama alimtii. Labda kwa uchovu wa kukataa.

Sebuleni mabibi walikuwa wamekwisha kujipanga mbele ya runinga. Ilikuwa moja ya zile filamu za mapenzi unazozijua. Msichana mhasibu wa Chicago amerithi nyumba mbovu ya bibi yake huko Italia, bomba likapasuka, akaja fundi, naye fundi, bila shaka, hajaoa. Mama alininong'oneza kwamba huo ni upuuzi mtupu. Baadaye akauliza ni fundi gani huyo anayezibua mabomba kwa shati jeupe namna ile. Baadaye kidogo nikaona mkono wake umeingia kwenye sahani ya biskuti za Idella. Nilijifanya sioni. Nilikaza macho kwenye runinga huku machozi yakinitoka, na wale mabibi wakadhani nalilia bomba.

Nilipomrudisha chumbani nilimuuliza amependa nini hasa. Alifikiri, kisha akaniambia kwamba miaka yote ya ugonjwa wa Baba alikuwa akishtuka kila simu ikilia, akishtuka hata daktari akikohoa. Katika filamu zile, alisema, simu ikilia ni mtu anaomba msamaha. Mvua ikinyesha, inanyesha ili watu wawili wajikinge chini ya paa moja. Unajua tangu mwanzo kwamba hakuna atakayeumia, na bado unangoja kwa hamu. Akaongeza kwamba kule watu wanakaa mezani mpaka jua linazama, na hakuna anayekuja kuwaondolea sahani. Corliss, wewe ulizoea kusema filamu zile ni za watu wasio na la kufanya, nami nilikuwa nikicheka pamoja nawe. Sicheki tena.

Tangu siku hiyo Mama akawa mtu wa Jumamosi. Alianza kuchana nywele. Alianza kuuliza kuna chakula gani. Kisha msimu wa mpira wa magongo wa barafuni ukapamba moto, na wazee wa kiume wakaitaka runinga saa ileile. Kiongozi wao alikuwa Mzee Orrin Sandvik, yule aliyekuwa akiendesha gari la kuondoa theluji barabarani, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa wilaya ya pili. Alisimama katikati ya sebule na fimbo yake akasema, “Zote ni ileile! Binti anapotea njia, anamwagia mtu mvinyo, wanaoana. Mnaangalia nini?”

Mama akamjibu bila kugeuka, “Na mpira wako je, Orrin? Barafu ileile, wanaume walewale, na timu yako inafungwa vilevile.”

Usicheke kwanza, maana msimamizi wa nyumba alichoka na kelele akasema wasipoelewana ataiondoa runinga. Ndipo Mama alipotoa shauri lililonitia hofu. Orrin aangalie filamu moja mpaka mwisho. Akiweza kukaa kimya, bila neno hata moja, Jumamosi zote ziwe za mpira. Asipoweza, ziwe za Italia. Nilimvuta Mama pembeni nikamwambia anacheza na kitu pekee kinachomlisha. Akanijibu kwamba ameishi na mwanaume muda mrefu na anajua wanaweza kunyamaza mpaka wapi.

Siku ilipofika sebule ilijaa hadi mlangoni. Orrin alikunja mikono, akatazama kama mtu anayepigwa sindano. Binti akapotea njia, kimya. Mvinyo ukamwagikia shati la fundi mwingine asiyeoa, kimya. Wakakanyaga zabibu pamoja, Orrin akakohoa tu. Kisha mchumba tajiri akatokea kutoka New York na koti lake refu, akamdanganya binti kwamba fundi ana mke, na binti akaanza kupakia masanduku kwenye teksi. Fundi alikuwa bado mlimani na punda wake, hana habari.

Orrin aliinuka nusu kitini. “Asiingie kwenye hiyo teksi! Jamani, anadanganywa! Mwambieni!”

Dada, kelele zilizopigwa pale sijazisikia hata siku ya harusi yako. Idella alizungusha kiti chake mara mbili. Mama alinyoosha mkono tu, kwa upole kabisa, na Orrin akaiweka rimoti kiganjani mwake. Kisha akaomba wanyamaze, kwa sababu hajajua kama fundi atawahi.

Siku hizi wazee wote wanakuja, na mpira wanausikiliza redioni siku nyingine. Orrin humwekea Mama kiti, naye Mama humkatia nusu ya keki yake. Amenenepa, Corliss. Nguo zake za zamani zinambana.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Orrin amemchumbia Mama, na Mama amekubali. Orrin alimwambia wakati wa chakula cha mchana, mbele ya wote, kwamba akipiga magoti watahitajika wauguzi wawili wa kumwinua, kwa hiyo amhesabie kuwa ameshapiga.

Sikufurahi mara moja. Koti la Baba bado limening'inia kabatini kwake, na nilimwambia hivyo kwa ukali. Aliniketisha akasema, “Baba yenu sijamwacha. Yeye ndiye aliyeondoka, na mimi bado nipo hapa nakula supu. Nataka kuila na mtu.” Nilimkumbatia.

Naungama pia kwamba mchungaji aliponiuliza kama watoto wameridhia, nilijibu kwa niaba yetu sote wawili kwamba tumeridhia. Nikasirikie, lakini njoo. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Mei, palepale sebuleni. Niliwauliza kama watakwenda kufanya fungate Italia. Mama alisema Italia ya kweli ina ngazi nyingi mno.

Msalimie sana Gaylord na wanao. Verlyn anakusalimu, na Idella pia, ingawa hamjuani. Mama anakubusu, na amenituma nikwambie ulete gauni la rangi yoyote uipendayo, isipokuwa jeusi.

Mdogo wako akupendaye,
LaVonne