Mstari wa Juu Ukutani Kwetu

Mwanangu mpenzi, kitindamimba wangu,

Pokea salamu nyingi za mama yako. Kwanza usishtuke: hakuna aliyefariki wala aliyelazwa. Najua ukiona mwandiko wangu huu wa darasa la tatu moyo unakupaa. Kaa chini, usome taratibu.

Baba yako hajambo, mgongo unamsumbua kidogo, lakini bado anashona viatu pale pale dirishani na kubishana na redio. Bibi yako hajambo, anasikia lile tu analotaka kusikia. Dada yako hajambo, cherehani yake imepona. Watoto wake pacha hawajambo, wameng'oka meno ya mbele siku moja utadhani walikubaliana. Hata paka wako hajambo, amenenepa hapiti tena chini ya mlango. Mimi sijambo, wasiwasi wangu ni wewe tu. Unakula? Au ndiyo unashindia chai huko karakana?

Haya, sasa habari. Mwanangu, ofisi ya mji ilitaka kutuhamisha mtaa mzima wa mtoni, tupelekwe kule kilimani kwenye upepo, na nyumba zetu zivunjwe. Na kilichotuponza ni ukuta wa sebule yetu wenyewe.

Kumbukumbu zote za mafuriko ya mji huu zilikuwa kabatini, kwenye chumba cha chini cha ofisi. Mafuriko yakaja yakazibeba. Usicheke, mimi nimeshacheka kwa niaba yako. Basi walipotaka kujua tuta la kuzuia maji liwe na kimo gani, injinia wao, binti mwembamba mwenye mabuti makubwa, akaelekezwa kwetu. Nyumba yetu ndiyo ya zamani kuliko zote, na unajua mambo yetu: maji yakishuka, kabla tambara halijagusa sakafu, mwanamke wa nyumba anachovya kidole kwenye rangi ya bluu ya mlango na kuchora mstari pale tope lilipoishia. Bibi yako alichora miaka yake, kisha akaniachia kopo la rangi.

Injinia akapima, na bibi yako akamsimulia. Mstari wa gotini ni maji ya mbao, mwaka ambao magogo ya kiwanda yalipita barabarani kama ng'ombe. Wa kiunoni ni maji ya daraja, daraja la zamani lilipoondoka na kibanda cha mlinzi, mlinzi mwenyewe akiwa juu ya paa anapiga filimbi. Alipofika wa kifuani bibi akaanza kukohoa. Wa juu kabisa, ule unaopita kichwa changu, baba yako akadakia kwamba ni maji makubwa kuliko yote, na kifua mbele, kama aliyaleta yeye.

Injinia akaandika. Wiki mbili baadaye wakatuambia kuwa maji ya kimo kile hakuna tuta la kuyazuia, kwa hiyo tujiandae kuhama. Baba yako akaacha kubishana na redio. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Mwanangu, nikwambie jambo ambalo nimelificha miaka sita. Ule mstari wa juu si maji. Ni wewe. Siku ile unaondoka, uliegemea ukuta ukingoja gari, ukaniambia nisilie mbele ya dereva. Sikulia. Lakini ulipoondoka nikaona mafuta ya nywele zako yameacha doa ukutani. Nilijua baba yako akipaka chokaa litapotea, nikachovya kidole nikachora juu yake. Baadaye wageni wakawa wanauliza, baba yako, ambaye hakuniona nikichora, anawapa hadithi ya maji ya zamani, nami naona aibu kusema kuwa ni kichwa cha mwanangu.

Basi nikasimama kwenye mkutano wa mtaa, nikasema yote. Mara bibi yako akanyoosha fimbo na kusema kuwa hata ule wa kifuani si maji: ni baba yako akiwa na miaka kumi, siku aliyopelekwa kwa fundi kujifunza viatu! Baba yako akaficha uso kwa kofia. Mkutano mzima ulicheka hadi benchi moja likavunjika. Jirani yetu muuza mkaa akasema mji huu haujafurika maji, umefurika akina mama.

Injinia alicheka hadi akavua mabuti. Akasema ikiwa maji hayajawahi kupita kiuno, basi tuta linatosha na hakuna wa kuhama. Ila ofisi inataka uthibitisho wa maandishi kwamba mstari ule unalingana na kichwa chako, naye anarudi mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo mwanangu, vua viatu, simama ukutani, mwombe mwenzako akupime, uandike kimo chako utie sahihi. Usinyanyue visigino, nakujua. Mtaa mzima unangoja urefu wako.

Mstari sikuufuta. Injinia mwenyewe amenikataza, na pembeni yake ameandika kwa chaki kwamba huyu ni mtoto wa nyumba hii. Kila asubuhi nikifagia nausalimu.

Wote wanakusalimu, na pacha wanauliza kama kweli wewe ni mrefu kuliko mto. Jibu upesi, barua isilale mfukoni.

Ni mimi mama yako, mwenye kidole cha bluu.